Panzi wa Jiwe na Sehemu ya Sita

Kwa karibu miaka miwili niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha shule ya jioni, kwamba panzi wa gemu alizaliwa Tabaka, kwetu Kisii, kwa wachonga mawe. Simaanishi panzi wa kwenye majani. Namaanisha yule wa kwenye skrini, mwenye buti nyekundu, anayekimbia kutoka kushoto kwenda kulia akiruka mashimo na kuokota punje za dhahabu, ambaye anajulikana katika nchi nyingi kuliko chumvi. Niliamini kwamba mzee mmoja wa Tabaka alimchonga kwa jiwe la sabuni, lile laini linalokatika kwa kisu, kabla gemu yenyewe haijatengenezwa. Kwamba kinyago hicho kilisafiri ndani ya kontena pamoja na viboko na sahani na vishikio vya mishumaa, kikatua mezani kwa mtengenezaji wa gemu huko ng'ambo, naye akakitazama, akapiga kelele, akachukua kalamu. Na niliamini kwamba sehemu ya sita ya gemu hiyo imechelewa miaka yote hii kwa sababu moja tu: mzee alikufa, na hakuna aliyepeleka kinyago kingine.

Usicheke. Ungekuwepo ungeamini, na pengine ungetoa sadaka.

Aliyenipa habari hiyo ni mwenye kibanda cha gemu pale Keroka, mwanamume mnene aliyewahi kuwa utingo wa malori na ambaye, kwa maneno yake, ameona kila kitu kinachopita barabarani. Mimi hupima majani chai kwenye kituo kimoja upande wa Nyamira, na alasiri nikimaliza kupima nilikuwa napitia kwake. Siku hiyo nilimwambia haiwezekani, panzi wa dunia nzima atoke kwetu. Akaniambia, "Nenda duka la vinyago pale Kisii mjini, lile la kusafirisha nje. Tazama rafu ya juu kabisa. Halafu uje unitukane."

Nilienda. Nikamwona. Alikuwa wa jiwe la kijivu, urefu wa kiganja, buti zake zimepakwa rangi nyekundu iliyoanza kubanduka, na mgongoni ana vumbi ambalo ungepanda sukuma wiki ikaota. Nilirudi Keroka mbio.

"Sasa mbona yuko hapa, kama alienda ng'ambo?" nikauliza, maana shule ya jioni haikunipita bure.

"Huyo ni pacha," akajibu bila kupepesa. "Walichongwa wawili. Mmoja akaenda, mmoja akabaki."

Pacha! Nilisadiki papo hapo.

Lakini ukitaka kujua kwa nini mtu mzima mwenye ndevu alisadiki jambo kama hilo, lazima nikueleze kuhusu kaka yangu.

Kaka yangu ni mchongaji. Amenipita miaka kumi na miwili, na baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyenilea kwa viboko, nikimaanisha viboko wa mawe, aliowachonga wengi kiasi kwamba wangewekwa mtoni mto ungehama. Yeye ndiye aliyeleta nyumbani mashine ya kwanza ya gemu, kuukuu, waya zake zimefungwa kwa gundi ya karatasi. Tulicheza sehemu ya kwanza ya panzi mpaka vidole vikawa na sugu. Tukacheza ya pili, ya tatu, ya nne. Jumamosi hatukugusa pedi ya kuchezea, kwa kuwa ni Sabato na mama alikuwa na masikio ya popo. Jumapili tulifidia. Nilipoanguka mtihani wa kidato cha nne, anguko ambalo lilisikika mpaka Marani, hakunigombeza. Alisema, "Panzi akianguka anaanzia wapi?" Nikasema, pale pale. "Basi," akasema. Ndivyo nilivyojikuta kwenye shule ya jioni, nimekaa kati ya kinyozi na bibi mmoja mwenye wajukuu, nikianzia pale pale.

Na aliyegundua ugonjwa wa kaka yangu si daktari. Ni panzi.

Ilikuwa Jumapili mchana, kwake Tabaka. Tulikuwa tunacheza sehemu ya tatu, levo ya pili, ambayo yeye huimaliza huku anakula muwa. Panzi akaruka ukuta, akakimbia, akaingia shimoni. Kaka akacheka. Akaanza upya, akaruka ukuta, akaingia shimoni lile lile. Mara ya tano nikamtania, "Umezeeka, mzee." Mara ya kumi na moja akaweka pedi chini, akaniuliza polepole:

"Wameongeza shimo?"

"Gemu ya zamani inaongezewaje shimo?"

"Hapo kulia. Hapakuwa na shimo hapo."

Nikatazama skrini. Shimo lilikuwepo, jeusi, pana kama mlango wa kanisa. Lilikuwepo tangu mimi niko darasa la sita.

Hospitalini walisema ni presha ya macho. Daktari alieleza kwamba ugonjwa huo unakula kuanzia pembeni, kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi. Dawa ya matone inachelewesha tu. Kaka alisikiliza kama anayesikiliza matangazo ya kanisa. Kisha nikatolewa nje, wakabaki wawili. Kaka alipotoka akanishika bega, akasema anaona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Nilifanya mzaha, nikasema afadhali, hataona sura yangu yote. Alicheka. Mimi nilienda nyuma ya ukuta wa hospitali nikalia machozi ya kujaza tangi.

Wiki chache baadaye ndipo video ya kwanza ya kutangaza sehemu ya sita ilipotoka. Ilikuwa fupi mno. Giza, kisha buti mbili nyekundu zikatua chini, vumbi likatimka, halafu namba sita. Basi. Hakuna tarehe, hakuna neno. Mashabiki wa dunia nzima wakapagawa kwenye simu, na sisi wa Keroka tukapagawa zaidi, kwa kuwa sisi tulikuwa na siri ya mzee na pacha.

Siku kaka alipokuja Kisii kuchukua dawa, nilimchukua nikampeleka Keroka kumchangamsha. Kibandani tulimkuta mwenye kibanda na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye hupita kila jioni kabla ya kwenda nyumbani na huwa na vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Walikuwa tayari wanabishana kuhusu sehemu ya sita.

"Mimi nataka kuruka kule kwa zamani," mwalimu alikuwa anasema. "Uzito ule ule. Ukibonyeza kidogo anaruka kidogo, ukikazia anapaa. Wasituletee mabawa. Panzi wa mabawa ni ndege."

"Mwalimu, panzi ana mabawa," mwenye kibanda akasema. "Wewe hao watoto unawafundisha nini?"

"Wa gemu hana!"

"Na asiongee," nikadakia. "Sehemu ya tano walimpa sauti. Anaongea kama mtangazaji wa redio mwenye mafua."

"Asiongee kabisa," mwalimu akakubali. "Na iwe ngumu. Siku hizi gemu zinambembeleza mtu kama mgonjwa. Ukianguka mara mbili inakuuliza, je, nikusaidie? Nani amekuita?"

"Nyinyi mnataka ya zamani, basi chezeni ya zamani, si iko hapo?" mwenye kibanda akasema. "Mimi nataka wachezaji wawili. Panzi na panzi. Viti vyangu viwili vikae watu wawili."

"Ati panzi wawili! Buti za huyo wa pili zitakuwa rangi gani?"

Hapo ugomvi wa rangi ya buti ukaanza, na kuna kesi za mashamba zilizokwisha haraka kuliko ugomvi ule. Nikamgeukia kaka. Alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, uso ameuelekeza mlangoni.

"Na wewe, fundi?" mwalimu akamuuliza. "Wewe ulianza kabla yetu sote. Unataka nini?"

"Awe katikati," kaka akasema.

"Katikati ya nini?"

"Ya skrini. Kwenye sehemu ya tano anakimbia mpaka anakuwa pembeni, skrini inamfuata nyuma. Akienda pembeni mimi simwoni." Akanywa chai. "Wamweke katikati, na wasichelewe. Hayo tu."

Lori lilipita nje, vikombe vikatetemeka mezani. Na hapo, ndugu msomaji, kichwa changu kikawaka moto. Kama mtengenezaji alichukua panzi kutoka Tabaka, basi Tabaka ina haki ya kusikilizwa. Mzee amekufa, lakini wachongaji hawajaisha! Mmoja amekaa hapa anakunywa chai! Achonge panzi mpya, tuandike ombi chini ya miguu yake, tumtie kwenye kontena. Nilisimama juu ya kiti kulieleza jambo hilo. Mwenye kibanda alipiga makofi. Mwalimu alisema ni jambo la kihistoria.

Kaka aligeuza uso polepole mpaka akanipata.

"Nani alikwambia panzi alichongwa Tabaka?"

"Kila mtu anajua."

"Kila mtu," akarudia. Alitabasamu ndani ya kikombe. Kisha akanielekezea uso kama anayejaribu kuniingiza mzima ndani ya bomba lake. "Haya. Nitachonga."

Alichonga nyumbani kwake, chini ya mabati, mbele ya rundo la mawe yaliyofunikwa magunia yenye maji, kwa sababu jiwe likikauka linakuwa jeuri. Alikuwa hajashika patasi kwa miezi mitatu. Alichagua jiwe kwa kulipapasa na kuligongagonga kwa ukucha, akalipunguza kwa panga, kisha akaingia kwa kisu. Mimi nilichuchumaa mbele yake nikiwa nimeinua simu yenye picha ya panzi.

"Tazama picha."

"Ya nini?"

"Usije ukakosea miguu. Miguu ya panzi ni kama njiti. Jiwe la sabuni si litavunjika?"

"Unaikunja, inashikana na tumbo," akasema, kidole gumba kikipita ubavuni mwa jiwe. "Ukiiacha wazi inavunjika, halafu unaanza kutafuta gundi."

Sikuuliza alijulia wapi. Shabiki mwenye matumaini ni kiziwi wa masikio yote mawili.

Shemeji yangu, mke wake, alikuwa ameketi kando na beseni la maji, akisugua sahani kwa msasa. Kazi ya kusugua ni ya wanawake kwetu, nao wana vidole vilivyolainika kuliko mawe wanayoyalainisha.

"Kwa hiyo viboko wameachwa," akasema, "fundi mzima anawachongea watu wa ng'ambo mdudu."

"Si mdudu, shemeji. Ni barua."

"Barua ya mdudu. Wakijibu uniite. Nitakuwa hapa hapa kwenye beseni mpaka Yesu arudi."

Lakini panzi alipokamilika alimpokea, akamwosha na kumsugua kwa msasa mkali, kisha wa wastani, kisha laini, akampaka nta. Alimsugua kuliko sahani zote za mwaka huo. Nilimwona akipitisha kidole kwenye macho mawili ya mawe, akarudia, akarudia tena, mpaka nikaangalia pengine.

Palibaki maandishi. Mimi nilikuwa na maombi kumi na manne, ya kwangu, ya mwalimu na ya kibanda, katika Kiingereza ambacho kingemtoa jasho hakimu. Kaka aligeuza panzi, akapima chini yake kwa vidole viwili. "Jiwe si karatasi," akasema. Tukakata. Tukaondoa mabawa, sauti, ugumu, buti za pili. Yakabaki maneno manne ya Kiingereza yenye maana ya mwekeni katikati, tafadhali, chapuchapu. Hilo la mwisho lilinitoa jasho, maana niliandika neno ambalo nadhani ni la kuagizia soda. Aliyachonga herufi moja moja, mimi nikiuongoza mkono wake kwenye mstari wa penseli ambao hakuweza kuuona.

Tulimfunga panzi kwa majani ya mgomba yaliyokauka, nikampeleka Kisii mjini kwenye lile duka. Mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda harusi ya jamaa zake. Mfanyakazi alimpokea. Nikamweleza kwamba huyu aingie kwenye kontena, aende kwa watu wa gemu, wao wanamjua.

"Sawa," akasema. Sawa ile ya dukani, isiyo na mfupa.

Tukangoja. Sijui kama umewahi kungoja kitu ambacho mwingine anakihitaji kuliko wewe. Nilikuwa nafungua simu kabla ya kufungua macho. Nilimwomba Mungu asubuhi na adhuhuri, nikamweleza gemu ni nini, endapo hajui. Na kila Jumapili nikienda Tabaka nilikuta bomba limekuwa jembamba zaidi. Kwanza aliacha levo za mbio. Kisha ikawa mimi nakaa karibu yake nikimsomea: "Ukuta. Shimo. Shimo! Ruka! Umeanguka, pole." Alikuwa akiruka kwa sauti yangu. Baadaye alianza kunipa pedi kabla hatujafika levo ya pili, akisema mikono imechoka. Mikono iliyomenya mlima wa Tabaka nusu nzima, imechoka na vitufe sita!

Video ya pili ilitoka nikiwa kazini, na mizani mbele yangu na foleni ya akina mama wenye vikapu. Ilikuwa ya dakika nzima. Panzi alikimbia, akaruka, akazunguka, akateleza, na dakika nzima alikuwa katikati ya skrini. Katikati kabisa, kama kitovu! Nilipiga ukelele ambao ulifanya vikapu viwili vimwagike na mama mmoja atafute fimbo akidhani ni nyoka. Nilikuwa nalia na kucheka. "Wamesoma!" nilikuwa nawaambia wale akina mama. "Wamesoma jiwe!"

"Nani?" wakauliza.

Mwisho wa video kulikuwa na neno moja: mwakani.

Mwakani. Nilihesabu miezi kwa vidole, nikahesabu tena nikitumaini vidole vitapungua. Jicho la kulia la kaka lilikuwa limeshafunga. La kushoto lilikuwa limebakiza upenyo ambao yeye alisema unatosha uso wa mtu mmoja, mtu huyo asipocheka. Kama walisoma jiwe la kwanza, wangesoma la pili. Tungechonga neno moja tu: haraka. Ilibidi kwanza nimshukuru mwenye duka, na kumwomba afanye hima. Kaka alikataa kwenda. Nikamsihi siku mbili, nikamwambia watu wa ng'ambo wanataka kuona aliyechonga. Mwishowe akasema, "Twende tu," kwa sauti ya mtu anayekubali kung'olewa jino.

Mwenye duka ni mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo mjini, na Ekegusii chake, lugha yetu, ni safi kuliko changu. Alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, chini ya picha ndogo yenye shada la maua ya manjano. Alipomwona kaka alisimama, akamwamkia kwa lugha hiyo.

"Bwakire, fundi. Miaka mingi. Macho yanasemaje?"

"Yanaaga," kaka akasema.

Sikushangaa kwamba wanajuana. Nilikuwa na hotuba tumboni, nikaimwaga yote: shukrani za Tabaka, shukrani za Keroka, kontena, jiwe lililosomwa, panzi katikati, na sasa ombi la pili la dharura kabisa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayelipwa kwa noti za nchi asiyoijua. Kisha akavuta stuli, akapanda, akafika rafu ya juu, akashuka na panzi wawili. Akawaweka kwenye kaunta. Wa zamani, na vumbi lake. Na wetu, nta yake bado inang'aa, bila kuondoka hata hatua moja.

"Nilidhani umeniletea niuze," akasema kwa upole. "Nikamweka karibu na mwenzake."

Nilishika kile nilichoweza kushika. "Lakini huyu wa zamani... yule mzee aliyemchonga, pacha wake si..."

"Mzee gani?" mwenye duka akauliza. Halafu akamtazama kaka.

Kaka alinyoosha mkono juu ya kaunta, akapapasa, akampata panzi wa zamani. Vidole vyake vilipita kichwani, mgongoni, vikashuka kwenye mguu wa kushoto, vikasimama mahali ambapo palikuwa na mstari wa gundi, mwembamba kama uzi, ambao mimi sikuwahi kuuona.

"Bado imeshika," akasema.

"Wamemweka katikati!" nikasema. Nilikuwa karibu kupiga kelele, dukani kwa watu. "Umeniambia mwenyewe awe katikati, na wamemweka katikati!"

"Wamemweka kwa sababu zao. Na mwakani sitamwona, akiwa katikati wala pembeni. Daktari aliniambia siku ile ya kwanza, wewe ukiwa nje."

"Mbona ukachonga, basi? Mbona hukusema?"

"Ungekosa pa kuomba." Akamrudisha panzi kwenye kaunta, taratibu, akamweka wima. Kisha akageuza uso mpaka upenyo wake ukanipata, akaniita ndugu kwa lugha yetu ya nyumbani. "Omwana ominto, hakuna mzee. Ni mimi. Mteja alileta boksi la gemu hapa dukani, nikachonga kutoka kwenye picha, na hakurudi kumchukua. Gemu ilitangulia, jiwe likafuata. Wale watu hawatujui."